Mpiga Besi Hana Jina, na Lawama ni Zetu

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi za mteja zilinizidi. Niliahidi sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata. Hii ndiyo hiyo sehemu ya pili, ila leo nina hasira na nitapitia njia ya jazi. Wewe usiyependa jazi usiondoke. Kosa ninalolizungumzia ni letu sisi tunaoandika programu, na jazi ndiyo inayolianika hadharani.

Alhamisi iliyopita nilikuwa ndani ya matatu, foleni ya Jogoo Road haisongi, visikizi masikioni, nikisikiliza Uhuru Afrika ya Randy Weston. Kama huijui, ni albamu iliyorekodiwa New York mnamo Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Weston, mpiga piano wa Brooklyn, alikusanya bendi kubwa, na mshairi Langston Hughes akamwandikia maneno. Basi humo ndani anasikika mwanamume akisema shairi kwa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, katika studio ya New York, wakati Tanganyika ilikuwa imebakiza mwaka mmoja kupata uhuru na sisi Kenya mitatu.

Nikataka kujua ni nani huyo. Nikafungua programu ninayoilipia kila mwezi, nikabonyeza jina la wimbo, nikabonyeza jina la albamu, nikabonyeza vile vinukta vitatu. Kila nilipofika nilikuta jina moja tu: Randy Weston. Sasa niambieni, Kiswahili kile ni cha mtu wa Brooklyn?

Jioni nikapita kwa jirani yetu, mzee mstaafu ambaye sebule yake ina santuri nyingi kuliko vitabu.

"Shikamoo mzee. Yule anayesema Kiswahili kwenye Uhuru Afrika ni nani?"

"Marahaba. Si wewe ndiye wa kompyuta?" Akanyoosha mkono kwenye rafu, akanipa jalada. "Soma, kijana wangu."

Nikasoma. Ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, ndiye aliyelitafsiri shairi la Hughes na kulisema. Nikaendelea kusoma. Mipangilio ya muziki ni ya mwanamke, Melba Liston. Kwenye tarumbeta wamo Clark Terry na Freddie Hubbard. Yusef Lateef yumo. Besi ni George Duvivier na Ron Carter. Max Roach yuko kwenye dramu, Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido wa Cuba kwenye ngoma. Yote hayo kwenye karatasi ngumu iliyochakaa pembeni. Simu yangu, yenye uwezo ambao tarakilishi za 1960 zisingeuota, ilijua jina moja.

Nilirudi nyumbani nimeaibika, maana ninajua kwa nini ilikuwa hivyo. Ninajua kwa sababu hata mimi nimewahi kuandika programu ya namna hiyo.

JEDWALI LENYE SAFU MOJA

Nilipoanza kukusanya santuri (ninazo 61 sasa, nyingi za mtumba) nilijiandikia programu ndogo ya kuziorodhesha. Ilikuwa na jedwali moja. Safu ya kwanza jina la albamu, ya pili msanii, ya tatu mwaka. Msanii, mmoja. Nikaona nimemaliza, nikapika chai.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta angeniwekea sufuri. Somo la kwanza kabisa la hifadhidata ni kwamba mwanafunzi mmoja husoma masomo mengi, na somo moja lina wanafunzi wengi, kwa hiyo unahitaji jedwali la tatu la kuwaunganisha. Jazi ni mfano huo huo. Mwanamuziki mmoja yuko kwenye rekodi nyingi, rekodi moja ina wanamuziki wengi, na kila mmoja ana chombo chake na tarehe yake. Sote tulipita mtihani huo. Kisha tukaajiriwa, na tukaandika safu moja inayoitwa "msanii".

Katika muziki mwingine kosa hili linauma kidogo. Katika jazi linaua, kwa sababu wimbo ulioandikwa huwa ni kianzio tu. Kinachobaki ni watu fulani, katika chumba fulani, siku fulani, wakibuni papo hapo. Ukibadilisha mpiga dramu umepata muziki mwingine. Ukifuta majina ya watu hao, umefuta nusu ya habari iliyomo ndani ya rekodi.

"NAFASI ILIKUWA NDOGO"

Utetezi wa kwanza ninaousikia ni wa kihistoria, na una ukweli ndani yake. Lebo za kwanza za faili za MP3, ID3 ya 1996, zilikuwa na baiti 128 mwishoni mwa faili. Jina la wimbo lilipewa herufi 30, msanii 30, albamu 30, mwaka 4, maoni 30, na aina ya muziki baiti moja (jazi ilikuwa namba 8). Jaribu kuandika Art Blakey and the Jazz Messengers kwa herufi 30. Utapata "Art Blakey and the Jazz Messen". Bendi iliyolea vijana kwa zaidi ya miaka 30 haikutosha hata jina lake, sembuse majina ya hao vijana.

Sawa, ya 1996 tumesamehe. Lakini mwaka 2000 likatoka toleo la ID3v2.4, na humo kuna uga uitwao TMCL. Kazi yake ni moja tu, kuorodhesha wanamuziki na vyombo walivyopiga. Chombo, jina, chombo, jina. Soma tena mwaka huo. Ni zaidi ya miaka 20 sasa tangu tupewe mahali rasmi pa kumwandika mpiga besi. Fungua faili zako uhesabu ngapi zina kitu humo. Zangu, kabla sijazijaza kwa mkono, hazikuwa na hata moja.

Na nafasi? Tupige hesabu. Wimbo wa dakika 5 kwa kilobiti 320 kwa sekunde ni takriban megabaiti 12. Majina 25 pamoja na vyombo, kwa herufi 40 kila moja, ni baiti 1,000. Hiyo ni sehemu moja ya 12,000. Picha ya jalada inayowekwa humo bila mtu kulalamika hula nafasi kubwa zaidi.

"DATA YENYEWE HAIPO"

Utetezi wa pili: nani atakaa aandike hayo majina yote? Jibu ni kwamba yameshaandikwa. Discogs ilianza mwaka 2000, na wapenzi wa santuri wamekuwa wakinakili majalada humo tangu hapo. MusicBrainz inakwenda mbali zaidi, ina lile jedwali la tatu kabisa, ikisema nani alipiga nini kwenye rekodi ipi, na data yake ya msingi imeachwa wazi kwa umma. Watu wa kujitolea wamefanya kazi usiku baada ya usiku bila malipo. Kampuni zenye majengo ya vioo ndizo zinazosema haiwezekani.

Ndiyo, siku hizi kuna programu zenye kitufe cha kuonyesha waliohusika. Kibonyeze. Mara nyingi utapata mtunzi na prodyuza, na kwa albamu nyingi za zamani hakuna zaidi. Hata ukibahatika kukuta majina, mengi ni maandishi matupu. Huwezi kubonyeza jina la mpiga besi likakupeleka kwenye rekodi zake nyingine.

"WATUMIAJI HAWAJALI"

Huu ndio unaonichoma zaidi, kwa sababu nimeusikia kwenye mikutano ya kazi, na nimewahi kuutamka mwenyewe. Mtumiaji anataka kubonyeza na kusikia, basi.

Nitajibu kwa mtu mmoja, Paul Chambers, mpiga besi. Mwaka 1959 pekee, Machi na Aprili, alikuwa na Miles Davis wakirekodi Kind of Blue. Kikao cha pili, tarehe 22 Aprili, kiliangukia siku aliyotimiza miaka 24. (Mimi katika umri huo nilikuwa nahangaika na mradi wa shule.) Mwezi Mei alikuwa na John Coltrane wakirekodi Giant Steps. Kwenye albamu hiyo kuna wimbo uitwao Mr. P.C., na hizo herufi mbili ni yeye. Alifariki Januari 1969 akiwa na miaka 33.

Msikilizaji aliyeipenda besi ya So What ana haki ya kuuliza, "Kijana huyu amepiga wapi kwingine?" Akiuliza kwenye programu yangu, anapewa albamu chache ambazo Chambers mwenyewe alikuwa kiongozi. Kind of Blue haimo. Giant Steps haimo. Wimbo wenye herufi za jina lake haumo! Mtumiaji huyo alijali sana. Aliuliza, tukamwonyesha ukuta, kisha tukaandika kwenye ripoti kwamba watumiaji hawaulizi.

KUMBUKUMBU NI ZA KUREKEBISHIA

Wenzangu wa fani, hili litawagusa. Kind of Blue ilitoka 1959 ikiwa na hitilafu. Katika kikao cha kwanza, tarehe 2 Machi, mashine ya kurekodia ilikuwa ikizunguka polepole kidogo, kwa hiyo kanda ilipochezwa kwa kasi ya kawaida muziki ulikwenda mbio kidogo na kupanda sauti. Nyimbo zote tatu za upande wa kwanza ziliathirika. Upande wa pili, uliorekodiwa Aprili, ulikuwa salama. Hitilafu hiyo ilikaa sokoni zaidi ya miaka 30, mpaka miaka ya 1990 iliporekebishwa kwa kutumia kanda ya mashine ya pili iliyokuwa ikizunguka sawasawa siku ile.

Wewe unayetafuta hitilafu kila siku, unaona kilichosaidia hapo? Tarehe. Kikao kipi, wimbo upi, kanda ipi. Bila kumbukumbu hizo ungebaki na albamu ambayo nusu yake ina kasoro na hakuna anayejua kwa nini nusu. Hakuna kati yetu anayeweza kufuta kumbukumbu za seva halafu aseme watumiaji hawazisomi. Lakini za muziki tunazifuta.

Na usidhani kuandika majina ya albamu nzima kunatosha. Kwenye Kind of Blue mpiga piano ni Bill Evans, isipokuwa Freddie Freeloader, ambapo ni Wynton Kelly. Nimesikiliza albamu hiyo miaka miwili nikijiuliza kwa nini piano ya wimbo wa pili inacheka wakati kwingine inawaza. Nilidhani ni mapenzi ya siku. Kumbe ni watu wawili. Masikio yangu yalikuwa sahihi, jedwali ndilo lilikuwa bovu.

Hapo namjibu pia yule mpenzi wa muziki anayesema acha majina, funga macho usikilize. Rafiki yangu, jina ndilo lililonifundisha kusikiliza.

SASA TUFANYEJE?

Mimi nimeanza na nyumba yangu. Programu yangu ya santuri nimeiandika upya: jedwali la watu, jedwali la rekodi, na jedwali la kuwaunganisha lenye chombo na tarehe. Iliniibia Jumamosi mbili tu. Kila jioni, santuri inapozunguka, nasoma jalada na kujaza. Nimefika ya 23. Jana nilimtafuta Ron Carter nikamkuta kwenye santuri nne ambazo sikujua zina uhusiano wowote. Nilikuwa nimezinunua miezi tofauti, kumbe miaka yote nilikuwa namfuata mtu mmoja.

Ninyi mnaojenga programu za muziki hapa Nairobi, nawaomba kitu kimoja. Kabla hamjaweka wimbo wa kwanza humo, msiandike safu ya "msanii". Andikeni jedwali la tatu. Bendi zetu za miaka ya 60 na 70 zilikuwa na wapiga gitaa la besi pia, na baadhi yao wangali hai. Unaweza kwenda kuwauliza majina yao wakakujibu. Miaka kumi ijayo hutaweza.

Na wewe msikilizaji, ukiwa na jalada mkononi, lisome, kisha kama lina jina ambalo halimo kwenye MusicBrainz au Discogs, liingize. Ni dakika tano.

Tuntemeke Sanga alisimama mbele ya maikrofoni New York akaitamka lugha hii ninayoandikia, kabla nchi yake haijawa huru. Kwenye programu ninayoilipia, bado hayumo. Nimewaandikia mara mbili. Nikipata jibu nitawaambia.

Maoni yenu hapo chini, hasa ninyi mtakaobisha.