Ukimwondolea mtoto omena, umpe nini badala yake?

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga. Methali hii imenijia mara nyingi tangu nilipozungumza na rafiki yangu mmoja anayeishi mjini Migori. Yeye na mumewe waliacha nyama, samaki, mayai na maziwa, na mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu wanamlea vivyo hivyo. Siku moja alimpeleka kliniki kupimwa uzani. Muuguzi alipouliza mtoto anakula nini, mama akasema ukweli. Alikemewa mbele ya akina mama wenzake kana kwamba amemtupa mtoto njiani. Hajarudi tena. Ni mwezi wa tano sasa na mtoto hajapimwa.

Ukiniuliza mimi, mama alikosea kukaa nyumbani, lakini kosa la kliniki ni kubwa zaidi. Ilifunga mlango ambao mtoto huyo anauhitaji kuliko watoto wengine wote waliokuwa kwenye foleni.

Familia zinazojinyima baadhi ya vyakula si jambo geni kwetu. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Kanisa lao huhimiza chakula cha mimea ingawa halimlazimishi mtu, na kwa kuwa hufundisha kuepuka samaki wasio na magamba, kuna nyumba nyingi Homa Bay ambako ngege huliwa lakini kambare hapikwi. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuacha kila kitokacho kwa mnyama. Wengine huacha kwa sababu ya maradhi ya sukari au ya moyo. Na tusisahau kundi kubwa kuliko yote, wale ambao mfuko ndio uliowaamulia kula ugali na sukuma wiki kila siku. Mwili wa mtoto hauulizi sababu. Unauliza kilichomo sahanini.

Je, inawezekana kumlea mtoto mdogo kwa mimea pekee? Mwaka wa 2016 chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilisema inawezekana, mradi lishe hiyo imepangwa vyema. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2023, lilishauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wale chakula kitokanacho na wanyama kila siku. Kwa hiyo mzazi anayechagua mimea pekee anaacha njia iliyozoeleka. Anaweza kufika salama, lakini asisafiri peke yake.

Tuanze na omena. Samaki huyu mdogo, anayeliwa mzima na mifupa yake, humpa mtoto protini, chokaa ya mifupa, madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Ukimwondoa, vyote hivyo lazima virudi kwa njia nyingine. Vingi vinapatikana shambani. B12 haipatikani. Hakuna mboga, nafaka wala tunda linalompa mtoto B12 ya kutosha, na wanaodai kwamba uji uliochachushwa au mboga zisizooshwa huitoa wanapotosha watu. Lazima itoke kwenye dawa ya matone au vidonge, kwa kipimo cha daktari, au kwenye chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Unga wa mahindi wa pakiti huongezwa vitamini na madini kwa mujibu wa sheria, lakini ule wa kusagwa posho mill hauna nyongeza yoyote, na kiasi anachokula mtoto ni kidogo mno kutegemewa.

Mama anayenyonyesha naye asijisahau. Kama yeye mwenyewe hana B12, maziwa yake hayatakuwa nayo. Mtoto wa aina hiyo huanza kwa kunyamaza. Huacha kucheka, hulegea, na hata huacha kukaa ilhali alikuwa amekwisha kuweza. Akichelewa kutibiwa, ubongo huenda usirudie hali yake kamili.

Haya si maneno ya kutishana. Kuanzia mwaka wa 1998, watafiti walifuatilia wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule 12 za Embu. Baadhi walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chochote. Upungufu wa B12 ulikuwa umeenea miongoni mwao, na ulipungua kwa waliopata nyama au maziwa. Waliokula nyama ndio waliofanya vizuri zaidi katika mtihani wa kufikiri. Watoto hao hawakuwa wamechagua mimea, ila hiyo ndiyo iliyokuwa nyumbani.

Kwa mengine, eneo letu limejaliwa. Kuna njugu karanga za Rongo na Ndhiwa, viazi vitamu vya Kabondo, maharagwe, simsim, parachichi, osuga, akeyo na apoth. Lakini tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi humjaza bila kumshibisha. Ukoroge uwe mzito, utie njugu zilizosagwa laini. Njugu nzima zisipewe mtoto mdogo kwa sababu humkaba, na zilizoota ukungu zitupwe. Loweka maharagwe, otesha au chachusha wimbi, ili madini yafyonzwe vyema. Mpe chungwa au pera pamoja na mlo, na chai ikae mbali naye. Maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani hayawezi kushika nafasi ya maziwa ya mama.

Basi daktari ana kazi gani? Migori na Homa Bay ni nchi ya malaria. Si bure kwamba chanjo ya majaribio ya malaria ilizinduliwa Homa Bay mwaka wa 2019. Mtoto akipauka, huenda ni malaria, minyoo, selimundu au chakula, na jicho la mzazi haliwezi kutofautisha. Damu ipimwe. Urefu na uzani uandikwe katika kijitabu cha mama na mtoto kila mwezi, na mstari ukianza kulala, mzazi akubali kubadili mlo. Imani isiyokubali mizani si ya kumlelea mtoto.

Nanyi wahudumu wa afya, ulizeni kwanza kabla ya kukemea. Mama aliyesema ukweli amewapa nusu ya matibabu. Mkimwaibisha, kesho atawaambia mtoto anakula mayai, nanyi mtaandika hivyo na kumruhusu aende.

Rafiki yangu nimemsihi achukue kijitabu chake aende kliniki nyingine wiki hii, na aulize neno moja kabla ya mengine yote: B12. Ameniahidi kwenda Jumatatu. Nitamsindikiza.