Gunia lililokataliwa jikoni

Alfajiri, kabla jua la Juba halijaanza kuchoma, kuku wa Hai Jalaba huwa wameshaamka. Wanachakura kando ya kuta na kuzunguka mafiga yaliyopikiwa asida jana usiku. Mwenye nyumba hutoka na sufuria, akawamwagia ukoko, kisha akachota kiganja cha mahindi kwenye gunia la pembeni. Ni lile gunia lililonyeshewa. Punje zake zimeshikana, zina vumbi la kijani, na yeye mwenyewe hathubutu kuzipeleka mashineni zikasagwe. Kuku hawachagui, wanazigombania.

Desturi hiyo si ya mtaa huu peke yake. Afrika Mashariki nzima, nafaka ikioza watu husema, "wape kuku." Ni desturi mbaya, na wakati umefika wa kuiacha.

Kinachotisha katika gunia lile ni sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, na ni kupitia chakula cha ndege wafugwao kwamba dunia iliijua sumu hiyo kwa mara ya kwanza. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeweza kuutaja jina. Uchunguzi uliishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil: yalikuwa na kuvu. Mwaka 2004 sumu hiyohiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, waliokula mahindi yao wenyewe yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Kwa kuku huanza na ini. Kifaranga hudumaa, tetea hupunguza mayai, na kinga ya mwili hushuka hata chanjo isishike vizuri. Ugonjwa wa mdondo ukipita, banda zima linakwisha, na mfugaji analaumu chanjo au upepo, ilhali ubaya ulianzia kwenye kiganja cha mahindi. Mabaki ya sumu yanaweza kukaa kwenye ini la kuku na, kwa kiasi kidogo, kwenye yai. Aliyekataa kula mahindi yale anaweza kukutana nayo tena mezani.

Juba inalijua jambo hili kwa karibu. Barabara ya kwenda mpakani Nimule, kilomita 192 zilizokamilika kutiwa lami mwaka 2012, ndiyo inayoleta mahindi, unga na trei za mayai kutoka Uganda. Mwaka 2023 malori ya nafaka yalizuiliwa kwa sababu ya sumukuvu. Ulikuwa uamuzi wa haki: kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016, hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja ya mahindi. Lakini ulinzi ukiishia kwenye sahani ya binadamu, shehena iliyokataliwa itatafuta mlango mwingine, na mlango ulio karibu zaidi ni banda la kuku.

Basi kuku ale nini? Mtama upo, na ndio nafaka ya nchi hii. Upungufu wake ni protini, ambayo ni kama asilimia 10 tu, wakati kuku wa mayai anahitaji 16 hadi 18. Kilo 70 za mtama mweupe, 16 za mashudu ya karanga, 5 za dagaa wakavu na 8 za chokaa ya mifugo, pamoja na kilo moja ya vitamini na chumvi kidogo, zinafika karibu asilimia 16. Mtama mwekundu uliokoza haufai kuwa mwingi, kwa kuwa ukakasi wake huzuia protini isitumike mwilini. Na karanga ndiyo ya kuangaliwa zaidi: ikiwa na kuvu, mchanganyiko wote umeharibika.

Ganda moja la yai lina karibu gramu 2 za kalsiamu. Mtama na mahindi vina kalsiamu kidogo mno, hivyo tetea asiyepewa chokaa huichomoa mifupani mwake mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa mayai yanakuwa na ganda laini, linalobonyea kwa kidole. Anayeuza chapati na mayai barabarani hutupa maganda kila siku. Yakikaushwa vizuri juu ya kikaango na kutwangwa hadi yasitambulike tena kuwa ni mayai, ni chokaa ya bure.

Kisha kuna joto. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya jua. Kuku hatoki jasho. Hutweta, na anapotweta hali. Chakula kinachowekwa saa saba mchana hakimfai. Apewe alfajiri na jioni, na maji yakae kivulini kutwa nzima, kwa maana robo tatu ya yai ni maji.

Serikali na mashirika yanayogawa vifaranga yangefanya jema kuanza na chakula: vipimo vya sumukuvu Nimule vikague pia vyakula vya mifugo, na shehena iliyokataliwa iteketezwe mbele ya mashahidi. Nyumbani Hai Jalaba kazi ni ndogo zaidi. Gunia lipandishwe juu ya chaga, mbali na ukuta, kabla mvua za Aprili hazijaanza. Lile la pembeni lifukiwe.