Gramafoni na Sifa Isiyo Mahali Pake

Vitabu vya shule husema kwa sentensi moja kwamba Thomas Edison ndiye aliyevumbua gramafoni, na wanafunzi huikariri sentensi hiyo kana kwamba ni hesabu ya mbili na mbili. Sentensi ni fupi, lakini upotofu wake ni mrefu. Edison hakuvumbua gramafoni. Alivumbua fonografu, mwaka 1877, nayo ni chombo kingine chenye umbo jingine na mwisho mwingine. Atakayeona kuwa huu ni ugomvi wa majina tu, na asikie kwanza habari za vyombo vyenyewe.

Miaka ishirini kabla ya hapo palikuwa na Mfaransa aliyeitwa Édouard-Léon Scott de Martinville, mtu wa kazi ya uchapaji mjini Paris. Mwaka 1857 alipata hati ya serikali ya kulinda chombo alichokiita fonautografu. Kilikuwa na pembe ya kuingizia sauti, mwisho wa pembe kiwambo, na juu ya kiwambo unywele mgumu wa nguruwe. Mtu aliposema ndani ya pembe kiwambo kilitetemeka, na unywele ukachora mawimbi juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Scott hakutaka sauti irudi. Alikuwa mtu wa herufi, akataka sauti ijiandike yenyewe ili macho yaisome. Mwaka 2008 wataalamu huko Marekani waliichukua karatasi yake moja ya Aprili 1860, wakaigeuza michoro kuwa sauti kwa kompyuta, na wimbo wa Kifaransa ukasikika baada ya miaka 148. Kwanza ulidhaniwa kuwa umeimbwa na msichana. Mwaka uliofuata ikabainika kuwa uliendeshwa mbio mno, na kwamba yaelekea mwimbaji ni Scott mwenyewe, akiimba polepole.

Tangu hapo wamezuka wengine wanaotaka kumvua Edison kila kitu wamvike Scott. Hao nao wamekosa, ingawa Scott mwenyewe alitoa kitabu mwaka 1878 kudai haki yake. Kuichora sauti ni jambo moja, na kuirudisha ni jambo jingine. Wala mshairi Charles Cros hawezi kuwekwa mbele, japo mwezi wa Aprili 1877 aliweka katika Akademia ya Sayansi ya Paris barua iliyofungwa, na ndani yake njia ya kuirudisha sauti. Njia ilikuwa sahihi, chombo hakikujengwa. Barua ilifunguliwa Desemba mwaka ule ule, na kabla mwezi huo haujaisha fundi wa Edison, John Kruesi, alikuwa amekwisha kukamilisha mtambo wa silinda iliyozungushiwa bati jembamba kama karatasi. Edison alisema ndani yake ubeti wa watoto, akausikia ukimrudia. Haki ya kuwa wa kwanza kuirudisha sauti ya binadamu ni yake, na asiyempa ni hasidi.

Lakini mwenyewe alidhani amefanya nini? Katika makala yake ya mwaka 1878 alitaja kazi kumi za chombo chake. Ya kwanza ilikuwa ni kuandikisha barua. Muziki ulikuja wa nne, nyuma ya vitabu vya vipofu na mafunzo ya usemaji. Kisha akaiweka fonografu kando karibu miaka kumi, akashughulika na taa ya umeme. Walioleta nta mahali pa bati ni Chichester Bell na Charles Sumner Tainter, waliopata hati yao mwaka 1886. Ni ajabu kwamba mtu aliyemwacha mtoto njiani ndiye apewe sifa ya malezi yote.

Kasoro ya silinda iliwaelemea waimbaji, kwa kuwa silinda za mwanzo hazikuweza kunakiliwa kwa wingi. George W. Johnson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia zamani za utumwa, alianza kuimba mbele ya mitambo hiyo mwaka 1890, na nyimbo zake zikapendwa mno. Malipo ya kupendwa yakawa ni kuimba tena. Pembe kadhaa zilielekezwa kinywani mwake, akaimba; silinda zikabadilishwa, akaimba wimbo ule ule; zikabadilishwa tena, akaimba tena. Koo lake lilikuwa ndilo kiwanda. Sentensi ya shule haina nafasi ya mtu kama huyu.

Aliyeutua mzigo huo ni Emile Berliner, Myahudi wa Hanover aliyehamia Marekani mwaka 1870. Alipata hati ya chombo chake mwaka 1887, naye ndiye aliyekiita gramafoni. Aliiacha silinda akashika sahani bapa. Sindano yake haikuchimba kwenda chini kama ya Edison, bali iliyumba kushoto na kulia ndani ya mfuo. Kutoka sahani moja ulipatikana muhuri wa chuma, na kwa muhuri huo zikapigwa sahani nyingi zilizo sawa. Mwimbaji akaimba mara moja, akaenda zake. Kazi ya uchapaji, ambayo Scott aliifanya kwa herufi, sasa ilifanyika kwa sauti.

Watetezi wa Edison watasema kwamba silinda zake zilitoa sauti safi kuliko sahani za mwanzo. Ni kweli, na haiwasaidii, maana mwaka 1912 Edison mwenyewe alianza kuuza sahani.

Kiswahili hakikungoja hukumu ya vitabu. Neno lililokaa vinywani mwa watu wa pwani ni gramafoni, pamoja na santuri. Siti binti Saad aliposafiri na wenziwe kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928, alikwenda kuiimbia Gramophone Company, kampuni iliyoanzishwa London ili kuuza kazi ya Berliner. Sauti yake ilirudi Unguja juu ya sahani bapa. Mwaka uliofuata, kampuni ya Edison iliacha kabisa kutengeneza sahani na silinda.