Kisu Nacho Kipimwe

Silaha mpya haigawiwi askari kabla haijajaribiwa katika uwanja wa shabaha, na risasi zilizokosa huandikwa pamoja na zilizolenga. Dawa nazo hupimwa vivyo hivyo. Lakini kisu cha daktari kwa muda mrefu kiliachwa bila kuulizwa: mgonjwa akisema amepata nafuu, basi kisu ndicho kilichomponya.

Wapiganaji wastaafu wa Marekani walisaidia kuivunja imani hiyo. Katika hospitali yao mjini Houston, wagonjwa 180 wenye magoti yaliyochakaa walikubali kugawanywa kwa kura. Wengine waliogeshwa goti kwa ndani, wengine wakakwanguliwa, na kundi la tatu likachanjwa ngozi tu na kushonwa. Hakuna aliyeambiwa yumo kundi gani. Ripoti ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba kwa miaka miwili waliopasuliwa kweli hawakuwazidi wenzao, si kwa kupungua maumivu wala kwa kutembea. Na upasuaji huo ulikuwa ukifanyiwa maelfu kwa maelfu ya watu!

Wakosoaji walisema kwamba mpasuaji alikuwa mmoja tu, na wagonjwa karibu wote wanaume. Hoja hizo zina uzito, lakini walizipata katika ripoti ile ile, kwa kuwa haikuficha kitu. Kanuni za kimataifa za kuandika majaribio, zilizotolewa mwaka 1996, ziliongezewa mwaka 2008 sharti la kueleza ujuzi wa mpasuaji.

Hapa Uganda tunao mfano wetu, nao unahusu ngiri, maradhi ambayo wabeba mizigo mizito wanayajua. Katika jaribio lililofanyika mashariki ya nchi na kutangazwa mwaka 2016, wanaume 302 walitiwa, kwa kura, ama wavu wa kiwandani wa bei ya juu, ama kipande cha neti ya mbu kilichotakaswa. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imemrudia mtu 1 wa neti, na hakuna wa upande wa pili. Waandishi hawakuona haya kusema pia kwamba katika kila kundi wagonjwa kama 3 kwa kila 10 walipata matatizo baada ya kupasuliwa.

Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu zaidi ya 95 katika kila wagonjwa 100 walionwa tena. Askari huhamishwa, na aliyehamishwa hupotea daftarini. Kwa hiyo twawaomba makamanda: hospitali ikimwita aliyepasuliwa mwaka uliopita, apewe ruhusa na nauli. Bali kuingia katika jaribio kusiwe amri ya mkubwa yeyote. Askari aulizwe peke yake, na akikataa atibiwe kama wengine.