Mama anasomea udaktari saa 9 usiku, nyumba imejipangaje?

Wiki mbili zilizopita shemeji yangu mmoja alinipigia simu Jumapili mchana, akaniomba nifike kwake. Si shemeji wa damu. Mke wake nilisoma naye chuo cha ualimu, na tangu hapo tumekuwa kama ndugu. Nilijua kuna jambo, maana shemeji huyu si mtu wa kulalamika.

Nilipokaa tu akaanza. "Shemeji, nina mashaka na mwenzangu. Siku mbili kwa wiki anaamka saa 9 usiku, anakwenda sebuleni, anafunga mlango, anaongea na watu kwenye kompyuta. Nikiuliza naambiwa ni darasa. Darasa gani la saa 9 usiku?"

Wazazi wenzangu, ni darasa kweli. Rafiki yangu ni makamu mkuu wa shule ya sekondari ya binafsi. Tangu mwaka jana anasomea shahada ya udaktari ya uongozi wa elimu na taasisi, kwa njia ya mtandao, kwenye chuo kimoja cha Marekani. Kule kipindi kinaanza saa 1 jioni, watu wakiwa wametoka kazini. Saa 1 jioni ya New York ni saa 9 usiku kwetu, au saa 8 usiku katika miezi ambayo wenzetu wanasogeza saa zao mbele.

Mume alijua mke anasoma. Hakujua ni miaka mingapi wala ni fedha kiasi gani. Hakujua pia kwamba ada ya muhula wa pili ilitoka kwenye mkopo wa SACCOS ya kazini, mkopo ambao yeye aliamini unakwenda kwenye paa la nyumba yao kule Chanika.

Nilipomuuliza rafiki yangu kwa nini hakusema, alinijibu akiangalia chini: "Ningesema, angekataa. Na mimi nimeshachoka kukaimu nafasi za watu."

Sikuwa na la kumlaumu sana yeyote kati yao. Aliyenitia simanzi ni binti yao wa kidato cha nne. Mama anapolala mapema ili aamke usiku, binti ndiye anayepika, anayemwogesha mdogo wake na kumsimamia kazi za shule. Anapofungua daftari lake mwenyewe ni saa 4 usiku. Mtihani wake wa taifa ni Novemba. Matokeo ya muhula uliopita yalishuka, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Nimeamua kuliandika hili kwa sababu masomo haya yanazidi kuingia majumbani mwetu kupitia simu. Tangazo linakuja, linasema utakuwa daktari bila kuacha kazi wala kuhama nyumbani. Ni kweli hutahama. Lakini chuo kinahamia kwako, na kinahitaji chumba, umeme, bando na saa za kulala za watu wote.

Ni shahada gani hasa? Marekani wanayo PhD, ambayo humwandaa mtu kuwa mtafiti, na wanayo Ed.D., yaani udaktari wa elimu. Hii ya pili si ya juzi. Harvard walianza kuitoa mapema miaka ya 1920. Imelenga watu walio kazini, kama wakuu wa shule, maofisa elimu na viongozi wa taasisi. Kwenye programu nyingi unasoma kozi pamoja na kundi mlioanza nalo, kisha unaandika tasnifu kuhusu tatizo halisi, mara nyingi la mahali pako pa kazi. Wanaoisoma huku wakifanya kazi huambiwa miaka mitatu au minne. Wengi huenda zaidi ya hapo, na wapo wanaomaliza kozi zote wakakwama kwenye tasnifu.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, kaeni mezani na mwenzako. Mimi naona kuna mambo manne ya kuzungumza.

La kwanza ni kwa nini. Ukuu wa shule ya sekondari hauhitaji udaktari. Kama unatarajia kupandishwa cheo au mshahara, muulize mwajiri wako mapema na upate jibu la maandishi. Kama unalenga kufundisha chuo kikuu, kiulize chuo hicho kama Ed.D. kwao inahesabika sawa na PhD. Na kama unasoma kwa sababu unaipenda elimu, hiyo pia ni sababu ya heshima, ila isemwe hivyo, ili mwenzako asiwe anasubiri mshahara ambao hukuahidiwa na mtu.

La pili ni uhalali wa chuo. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa ikiuza vyeti vya vyuo vya kwenye tovuti tu, vyenye majina ya Kimarekani na picha nzuri za wanafunzi. Chuo cha kweli cha Marekani kina ithibati ya chombo kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, na orodha inapatikana bure mtandaoni. Kwetu Tanzania, anayetambua shahada za nje ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Waulize kabla ya kulipa. Chuo kinachokuambia utamaliza kwa miezi sita kwa kuhesabiwa uzoefu wa kazi, kikimbie.

La tatu ni fedha. Programu nyingi za aina hii hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Chukua mfano wa dola 30,000. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi milioni 75. Ada inadaiwa kwa dola huku mshahara wako ni wa shilingi, kwa hiyo shilingi ikishuka, deni linapanda. Tena tasnifu ikichelewa, kila muhula unaoongezeka una malipo yake. Hesabuni mwaka mmoja zaidi ya ule mlioambiwa. Mkiona hesabu haikai, kuna njia ya karibu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 mahsusi kwa watu wanaosoma wakiwa makwao, na kina masomo hadi ngazi ya uzamivu.

La nne ni saa, na hapa ndipo ndoa nyingi zinapoumia. Chukueni karatasi mgawane wiki nzima: nani anapika siku za darasa, nani anakagua madaftari, nani anakwenda kikao cha wazazi, siku gani kompyuta haifunguliwi kabisa. Muulize pia chuo kama vipindi vinarekodiwa au ni lazima uwepo moja kwa moja. Hilo peke yake laweza kuamua uchague chuo gani. Na kazi ya mama isihamie kimyakimya kwa binti mkubwa. Yeye naye ni mwanafunzi, na mtihani wake hauahirishwi.

Kina baba, nanyi nisikilizeni. Baba akisoma usiku, nyumba nzima hunyamazishwa: "Baba anasoma." Mama akisoma usiku, anaulizwa anaongea na nani. Shemeji yangu nilimwambia hivyo hivyo, na kwa heshima yake, hakubisha. Nilimshauri usiku wa darasa aamke akae pembeni dakika kumi tu. Akafanya. Asubuhi akanitumia ujumbe kwamba amemkuta mkewe anabishana kwa Kiingereza na watu wazima kuhusu walimu wanaohama shule, na yeye kaenda kumchemshia chai.

Hawajamaliza matatizo yao. Mkopo wa SACCOS bado upo na paa bado halijaezekwa. Lakini walikaa, kwa mara ya kwanza wakiwa na hesabu kamili mezani. Wamekubaliana mama aombe chuo likizo ya muhula mmoja, hadi binti amalize mtihani, kisha arudi. Rafiki yangu alilia kidogo, kwa sababu wenzake wa kundi watamtangulia. Nilimwambia ukweli wangu: atawakosa wenzake hao, na ataumia. Nikamkumbusha kwamba chuo kitamfungulia tena mlango Januari, lakini Novemba ya mwanawe ni moja.

Binti alipoambiwa hakusema kitu. Jioni ile alikwenda kukaa na daftari lake saa 1, na baba akaingia jikoni.