Ngitili Si Ushamba

Kila ikitajwa ardhi iliyochoka, lawama huangukia mkulima: hajasoma. Nakataa. Shinyanga, Tanzania, ilivuliwa miti kwa mipango ya wataalamu: misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakapanuka. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, miche ya vitaluni haikufua dafu. Kilichofaa ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho tangu mvua zianzapo ili majani yabakie kwa kiangazi. Visiki vya zamani vikachipua vyenyewe. Katika miaka ishirini hivi, zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa ngitili.

Na sisi? Kirundo, iliyoitwa ghala la Burundi, inapigwa na ukame, nasi huku Asiatique tunazungumzia mbolea tu. Mbolea naikubali, lakini udongo usioshika maji huipoteza bure. Mtanijibu kwamba nchi yetu ni finyu, hatuna nafasi ya kufunga malisho. Kweli. Basi tusiige ngitili yenyewe, tuige adabu yake: kumwuliza mkulima anachokijua kabla ya kumfundisha. Msomi asiyeuliza naye hajasoma.