Kupandwa si kushika mimba

Familia nyingi zilizorejea nchini kutoka kambi za Kigoma zinapopata ng'ombe mmoja huona kwamba sasa zimeanza maisha upya. Ng'ombe huyo ni maziwa ya watoto, ni mbolea ya migomba, na ndama wake ni karo ya shule. Wengine humnunua mnadani. Wengine hupewa na miradi kwa sharti kwamba ndama wa kwanza aende kwa jirani anayesubiri. Kwa hiyo ng'ombe anapokaa mwaka mzima bila mimba, zinazopata hasara ni nyumba mbili.

Kosa kubwa tunaloliona ni kuamini macho. Mfugaji humpeleka ng'ombe kwa dume la kilimani, akaona amepandwa, akalipa na kurudi nyumbani kusubiri ndama. Miezi tisa inapita, kumbe tumbo lile lilikuwa la majani tu. Hapo huanza tena kutafuta dume, na ndama huja baada ya mwaka mmoja na nusu tangu safari ile ya kwanza.

Njia ya kwanza ya kujua ni kuhesabu siku. Ng'ombe asiyeshika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 18 hadi 24, kwa kawaida 21. Aliyepandwa tarehe 1 Machi aangaliwe kwa makini kuanzia tarehe 19 hadi 25 Machi, asubuhi na jioni, kwa sababu joto hudumu saa chache tu na mara nyingi huja usiku. Dalili ni kulia ovyo, kutotulia, maziwa kupungua, ute mweupe unaovutika kama uzi, na kusimama tuli anapopandwa na wenzake.

Hiyo dalili ya mwisho, ambayo ndiyo ya uhakika zaidi, siku hizi ni adimu. Tangu mwaka 2021 ilipoanza kutekelezwa sheria inayotaka mifugo ikae zizini, ng'ombe wengi hufungwa peke yao, hawana mwenzao wa kuwapanda. Mwenye ng'ombe mmoja lazima awe na macho mawili zaidi.

Lakini ng'ombe kunyamaza nako si ushahidi. Aliyekonda wakati wa kiangazi, au anayenyonyesha ndama mchanga, anaweza kukaa miezi bila kuingia joto na bila mimba yoyote. Na wapo wachache wenye mimba ambao bado huonyesha joto. Ndiyo maana uhakika hutoka kwa daktari wa mifugo, anayeingiza mkono kwa njia ya haja kubwa na kuupapasa mji wa mimba. Mwenye uzoefu hutambua mimba mapema, lakini miezi miwili hadi mitatu baada ya kupandwa ni wakati unaofaa. Yule wa tarehe 1 Machi apimwe mwanzoni mwa Juni. Akiwa mtupu, zimepotea siku 90, si 280.

Wenye ng'ombe kadhaa waliotumia dume moja wana kipimo kingine. Akirudi joto mmoja, chunguza ng'ombe huyo. Wakirudi wengi, chunguza dume. Dume lililokomaa na lenye afya huweza kuhudumia ng'ombe 25 hadi 30 katika msimu wa miezi miwili au mitatu. Dume changa halifiki nusu ya hapo. Dume lililougua homa kali linaweza kupanda kwa nguvu zote na lisizalishe, kwani mbegu huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa upya. Na dume linalozungushwa nyumba kwa nyumba bila kupimwa huweza kusambaza magonjwa ya uzazi ambayo huwarudisha ng'ombe kwenye joto mara kwa mara.

Mimba ikishashika, bado inaweza kutoka. Ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, humpata pia binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mwaka 2022 Homa ya Bonde la Ufa iliua ng'ombe nchini na masoko ya mifugo yakafungwa. Nayo pia hutoa mimba na huambukiza watu. Ng'ombe akitupa mimba, aitwe daktari kabla ya mtu kugusa chochote.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani tuna neno moja. Kumuuza ng'ombe kwa bei ya mwenye mimba ya miezi minne, wakati muuzaji anajua tu kwamba aliwahi kuchanganyika na dume, ni kuuza usichokuwa nacho. Apimwe mbele ya mnunuzi, na matokeo yaandikwe. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu kwa hilo, na mnunuzi atarudi kwake.

Rai yetu kwa wahusika ni kwamba siku za mnada awepo daktari wa kupima mimba kwa bei ambayo mwenye ng'ombe mmoja anaimudu, na madume yanayohudumia kilima yapimwe kabla ya msimu. Miradi inayogawa ng'ombe nayo isihesabu waliogawiwa tu, ihesabu waliozaa.

Na mfugaji anunue daftari. Aandike siku ya kupandwa, dume lililotumika, siku ya kuangalia joto, siku ya kupimwa na siku ya kutarajia ndama, kati ya siku 280 na 290. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyerudi nyumbani mikono mitupu hana mwaka wa kupoteza.